KIKAPU CHA UGALI: TUKITUNZE, KITUTUNZE



Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 28, baraka za Mungu kwa watu watiifu zinatajwa moja baada ya nyingine: mji, shamba, mifugo, watoto. Katikati ya mambo hayo makubwa kinatajwa kikapu, pamoja na chombo cha kukandia unga. Wengi wetu tumeisikia sura hiyo kanisani bila kusimama hapo. Lakini mama anayepika anaelewa mara moja: chakula cha familia hupita katika kikapu kabla ya kufika kinywani. Kikiwa kizuri, nyumba ina baraka. Kikiwa kibaya, ugonjwa umeingia kwa mlango wa jikoni.

Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya vyombo vyetu vya kusuka: kikapu cha kuwekea ugali, ungo wa kupepetea, tenga la kubebea mihogo na mahindi, na kitunga cha unga. Huku kwetu Tarime na Serengeti, kwa Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata na majirani zao, ni nadra kukuta nyumba isiyo na hata kimoja. Hata hivyo watu wachache hufundishwa namna ya kuvisafisha. Sufuria tunaisugua kwa majivu mpaka inang'aa. Kikapu tunakitundika tu.

MAONI MAWILI, YOTE YANA KASORO

Tukitembelea jumuiya ndogondogo tunasikia maoni ya namna mbili. Vijana wengi, hasa waliosoma, husema: "Vikapu ni uchafu wa zamani. Vitupwe, tununue ndoo za plastiki na hotipoti." Wazee hujibu: "Sisi tumelelewa kwa kikapu na tumefika uzee. Hakina neno."

Sisi tunaona kwamba pande zote mbili zimekosa sehemu ya ukweli. Kijana amesahau kwamba ndoo ya plastiki yenye mfuniko, ikitiwa unga usiokauka vizuri, huota ukungu upesi kuliko kikapu, kwa sababu hewa haipiti. Ugali wa moto ukifunikwa ndani ya plastiki hutoa jasho, na jasho hilo huurudia. Kikapu kina faida yake: kinapumua.

Mzee naye amesahau kwamba mama yake alikuwa na kazi ambayo leo hatuifanyi. Alikuwa anakung'uta, anaanika na kutundika vyombo vyake kila siku, na kila chombo kilikuwa na kazi yake. Sisi tumerithi kikapu tukaiacha desturi iliyokilinda.

Na jambo hili si la kwetu peke yetu. Huko Ujerumani na Ufaransa mafundi wa mikate hutumia vikapu vya henzirani ambamo donge la unga huachwa liumuke kabla ya kuingia tanuri. Vikapu hivyo havilowekwi majini kila siku. Fundi hunyunyiza unga ndani ili donge lisinate, na kazi ikiisha hukung'uta, hupiga brashi kavu, kisha hukiacha kikapu mahali penye joto na hewa mpaka kikauke kabisa. Anajua kwamba adui wake ni unyevu. Fundi huyo na bibi wa Nyamwaga wangekutana, wangeelewana bila mkalimani.

ADUI NI NANI?

Chombo cha kusuka kina nafasi nyingi ndogo katikati ya ukindu, matete au fito. Humo hubaki unga, makapi na mabaki ya ugali. Yakipata unyevu, mambo matatu hufuata.

Kwanza, wadudu waharibifu hupata makao. Mama anaweza kuanika mahindi yake vizuri, akayapepeta kwa ungo wenye fukusi wa msimu uliopita, naye akawa amewahamishia ghala jipya.

Pili, panya na mende huja usiku kutafuta chakula, wakaacha kinyesi na mkojo. Asubuhi ugali wa mtoto unatiwa humo humo.

Tatu, na hili ndilo kubwa, huota ukungu. Si kila ukungu una sumu, lakini baadhi ya kuvu wanaoota juu ya mahindi na karanga hutengeneza sumu ambayo wataalamu wetu wanaiita sumukuvu. Sumu hiyo ilianza kujulikana mwaka 1960, wakati bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyokuwa na kuvu. Tangu hapo imejulikana kwamba huharibu ini, na kwamba mtu anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi yumo katika hatari ya saratani ya ini, hasa akiwa pia na virusi vya homa ya ini aina ya B. Inahusishwa pia na kudumaa kwa watoto.

Mtu asidhani kwamba hizo ni habari za mbali. Mwaka 2004 huko Kenya, katika wilaya za mashariki kama Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafariki. Mwaka 2016 ilitufikia Tanzania, mikoa ya Dodoma na Manyara: watu 68 waliugua na 20 wakapoteza maisha. Walikula ugali kama sisi tunavyokula.

Tena tuelewe vizuri: sumukuvu haiishi kwa kupikwa. Moto wa kuivisha ugali unawaua kuvu wenyewe, lakini sumu waliyokwisha iacha inabaki. Kwa hiyo ule usemi wa "tutauchemsha sana tu" hautusaidii.

TARIME ILIWAHI KUPATA FUNDISHO

Kuna jambo jingine ambalo wazee wa Tarime wanalikumbuka. Mwaka 1985, baada ya ukame, katika wilaya ya Tarime ya wakati ule watu wengi walipooza miguu ghafla. Wengi wao walikuwa watoto na akina mama. Ugonjwa huo unaitwa konzo, jina lililotoka Kongo, na miguu ikishapooza hairudi kama zamani. Haukuletwa na uchawi wala laana. Uliletwa na mihogo michungu iliyoliwa kabla sumu yake haijatoka, pamoja na ukosefu wa vyakula vya kujenga mwili kama maharage, samaki na maziwa.

Mihogo michungu ina njia yake ya kuandaliwa. Humenywa, hulowekwa majini siku tatu au zaidi, au hulundikwa na kufunikwa siku kadhaa mpaka iive na kuwa udaga. Kisha ukungu ulioota hukwanguliwa wote, na udaga huanikwa mpaka ukauke. Wakati wa njaa watu walifupisha njia hiyo. Hatuwezi kuwalaumu, tumbo la mtoto halisubiri. Lakini fundisho limebaki: chakula chetu kinahitaji siku zake, na mwenye haraka hulipa baadaye.

Kikapu peke yake hakileti konzo. Lakini tunalitaja jambo hilo kwa sababu nyumba nyingi bado zinatumia tenga moja kwa mihogo mibichi, kwa udaga wenye ukungu, na kwa udaga mkavu uliokwisha kuwa safi. Mama amefanya kazi ya siku saba kuuondoa ukungu, halafu siku ya nane anaurudisha kwa tenga ambalo hakulisafisha. Ni kama kumwogesha mtoto na kumvika nguo chafu.

KILA CHOMBO NA KAZI YAKE

Sheria ya kwanza, basi, ni kutenganisha. Tunashauri kila nyumba iwe na vyombo vya namna tatu, hata kama ni vichache:

1. Vya shambani: matenga ya mihogo mibichi, mahindi yenye maganda, viazi vyenye udongo.

2. Vya nafaka na unga: nyungo na vitunga vya vitu vikavu tu.

3. Vya mezani: kikapu cha ugali uliopikwa. Hiki kisitumike kwa kazi nyingine yoyote.

Njia rahisi ya kuvitambua ni kufunga uzi wa rangi kwenye ukingo. Mtoto wa miaka sita atajifunza kwa siku moja kwamba chenye uzi mwekundu ni cha mezani.

Kuna vitu ambavyo havipaswi kabisa kugusa chombo cha chakula. Mbegu za dukani zilizopakwa dawa ni mojawapo. Tumeona wakati wa kupanda watu wakibeba mbegu hizo katika ungo, na jioni ungo huohuo unapepetea ulezi wa uji. Dawa ya kuhifadhia nafaka nayo isichanganyiwe katika chombo cha jikoni, wala mbolea isibebwe humo. Na kwa familia za wachimbaji wadogo, kule Nyamongo na kwingineko kwenye dhahabu, tunasema kwa msisitizo: karai au chombo kilichogusa zebaki kisirudi jikoni hata kikioshwa mara kumi.

Ikiwa tenga limekandikwa samadi ya ng'ombe ili kuziba matundu, kama tunavyokandika vihenge, libaki kwa kazi ya nafaka isiyokobolewa. Lisiwekewe unga wala chakula kilichoiva.

NAMNA YA KUSAFISHA

Chombo cha nafaka na unga:

Mara baada ya kazi, kipindue na kukipiga kwa kiganja mgongoni mpaka unga uache kuanguka. Chukua fagio dogo la chelewa au brashi ya katani ambayo haifagii sakafu, uipitishe kufuata msuko, ndani na nje, hasa kwenye ukingo ambako unga hujificha. Usikiloweke. Ukindu na matete hunywa maji, huvimba, na katikati huchelewa kukauka. Hapo ndipo ukungu unapoanzia. Kama kuna uchafu ulionata, uache ukauke, ukwangue kwa kijiti, kisha futa kwa kitambaa kilichokamuliwa na uanike mara moja.

Kikapu cha mezani:

Hiki hakiwezi kusafishwa kwa brashi peke yake, kwa maana mikono ya watu wengi huingia humo. Lililo bora ni kukitandika kila mara kwa jani safi la mgomba au kitambaa cheupe cha pamba. Jani hutupwa baada ya kula. Kitambaa hufuliwa kwa sabuni, huanikwa juani na kupigwa pasi. Ugali ukigusa kikapu chenyewe, kioshe siku hiyohiyo kwa maji ya moto na sabuni kidogo, sugua haraka, suuza kwa maji safi, kung'uta maji, na uanike. Usikiache usiku kucha ndani ya beseni pamoja na sahani.

Kuanika:

Wengi wenu mnakumbuka, au mmesimuliwa na wazazi, juu ya kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Mojawapo ya mambo yaliyohimizwa ni kichanja cha kuanikia vyombo. Kichanja kile ndicho dawa ya kikapu. Juu yake kuku hafiki, mbwa halambi, na hewa hupita chini na juu. Weka chombo kifudifudi kwanza, kisha kigeuze upande wa ndani uone jua. Kabla jua halijatua kiingize ndani, maana umande wa jioni hurudisha unyevu wote uliotoka mchana.

Siku za masika na vuli, jua likikosekana, kitundike karibu na jiko baada ya kupika, mahali penye joto lakini si ndani ya moshi mzito. Usivipange vikiwa vimebebana kabla havijakauka, wala usivifunge ndani ya mfuko wa nailoni.

Kikishaota ukungu:

Kama ni madoa machache ya juu juu, kipeleke nje, mbali na watoto na chakula. Funga kitambaa puani na mdomoni, kipige brashi, kisha kianike juani siku kadhaa. Lakini kama harufu ya uvundo haiondoki, au weusi umeingia ndani ya ukindu, usikionee huruma. Kichome moto. Kikapu kipya kina gharama ndogo kuliko safari ya hospitali. Na kikapu kilichokatika fito kishonwe mapema. Vipande vyake huingia katika chakula.

CHOMBO SAFI, NAFAKA SAFI

Usafi wa chombo hauwezi kuponya nafaka mbovu. Kabla ya kuyaweka mahindi ghalani, jaribu jambo hili ambalo halina gharama. Chukua chupa ya glasi iliyo kavu kabisa. Tia mahindi yako mpaka theluthi moja, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, uache itulie kwa robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi yako bado yana maji mengi. Yarudishe juani, juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu.

Halafu ungo ufanye kazi yake. Punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizotobolewa au zenye ukungu zitolewe kwa mkono. Kazi hiyo ya kuchambua inachosha macho, lakini ndiyo inayoondoa sehemu kubwa ya sumu, kwa kuwa sumu hujikusanya katika punje chache mbaya. Punje hizo zisipewe kuku wala ng'ombe. Ng'ombe akizila, sumu huingia katika maziwa. Zisipelekwe kwenye pombe. Zichomwe au zifukiwe.

LA MWISHO NI LA DHAMIRI

Tunakuja sasa kwenye jambo ambalo tungependa kulinyamazia, lakini tusingekuwa wakweli.

Mwaka mmoja, katika kigango kimoja, tulikuwa tukipokea matoleo ya mavuno. Gunia moja la mahindi lilipofunguliwa lilitoa harufu, na ndani punje zilikuwa zimeshikana zikiwa na rangi ya kijani. Mmoja wetu alisema kwa sauti ya chini: "Tusimwaibishe aliyetoa. Tuyatenge, tuwape wazee wasiojiweza, wao hawachagui." Na sisi tuliokuwa pale tulikaa kimya kwa muda mrefu kuliko ilivyopasa. Aliyetuokoa ni mama mmoja wa WAWATA. Alisema: "Mimi nisingempa mwanangu haya." Gunia likafukiwa.

Maneno hayo yametukaa moyoni. Kile ambacho hatumpi mtoto wetu, kwa nini tumpe mjane? Kile ambacho hatuli nyumbani, kwa nini tukipeleke mnadani kumwuzia mtu tusiyemjua, au tukipeleke mbele ya altare? Aliyewalisha watu jangwani alitaka vipande vilivyobaki vikusanywe, visipotee, navyo vikajaa vikapu kumi na viwili. Vilikuwa vipande vizuri. Kutopoteza chakula ni fadhila. Kumlisha mwingine uozo kwa kisingizio cha kutopoteza ni dhambi.

Jambo jingine la dhamiri ni hili: kazi zote tulizotaja hapo juu, katika nyumba nyingi za huku kwetu, ziko juu ya mama na binti. Baba analima, anauza, anafunga hesabu. Mama anakung'uta, anaanika, anachambua, tena akiwa na mtoto mgongoni na kuni kichwani. Akichoka na kuruka hatua moja, hatuwezi kushangaa. Tunawaomba akina baba: jengeni kichanja. Ni fito chache na nusu siku ya kazi. Kaeni na ungo jioni mchambue pamoja na watoto wote, wa kiume na wa kike. Heshima ya mwanaume haipungui kwa kushika ungo. Hupungua watoto wake wanapodumaa.

Tunapendekeza kila jumuiya ndogondogo ichague Jumamosi moja kabla ya mavuno, kila nyumba itoe vyombo vyake vyote nje, vikung'utwe, vishonwe, vianikwe, na vile vilivyooza vichomwe. Mabibi wanaojua kusuka wawakalishe vijana chini wawafundishe, kwa sababu ufundi huo unapotea mbele ya macho yetu. Na baada ya hapo watu wasali pamoja, wakiomba baraka juu ya vikapu vyao.

Mungu avibariki vikapu vyenu. Sisi tuhakikishe ni vikavu.